Barua ya wazi kwa mjomba wangu anayekuja Berlin

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nimeipokea orodha ya majumba ya makumbusho unayotaka kuyaona katika siku zako nne hapa Berlin, na nakiri kwamba hata kijana mwenye miguu ya chuma asingeimaliza. Ninakujibu hadharani kwa sababu kila majira ya joto huulizwa swali hilohilo na ndugu na marafiki, nami huwaambia wote jambo moja: chagua sehemu chache, uzipe muda wa kutosha, na uanze na ile inayokuhusu wewe mwenyewe. Kwa mtu wa Lindi, tena Mmwera, aliyefundisha historia hadi kustaafu, sehemu hiyo iko Invalidenstraße, katika Jumba la Makumbusho ya Elimu Viumbe, ambalo wenyeji huliita Museum für Naturkunde.

Ukishaingia ukumbi mkubwa utakutana na kiunzi cha dinosaria chenye urefu wa mita 13.27 kutoka sakafuni hadi utosini. Ndicho kiunzi kirefu kuliko vyote vya dinosaria vilivyosimamishwa duniani, nacho kilitoka Tendaguru, kilima cha mkoani Lindi ambako mtu wa mjini kwako hufika ndani ya siku moja akipata gari zuri. Wanasayansi walimpa mnyama huyu jina la Brachiosaurus brancai mwaka 1914, na siku hizi humwita Giraffatitan. Usidhani kwamba ni mnyama mmoja aliyeokotwa mzima: kiunzi kimeunganishwa kwa mifupa ya wanyama zaidi ya mmoja, na baadhi ya pingili za uti wa mgongo ni nakala, kwa kuwa zile za asili ni nzito na dhaifu mno kutundikwa juu.

Nakuomba usitegemee maelezo ya ukutani peke yake. Uchimbaji uliofanywa na jumba hilo kati ya mwaka 1909 na 1913 ulianza muda mfupi tu baada ya Vita vya Maji Maji, katika nchi ambayo mashamba yake yalikuwa yamechomwa na watu wake wametoka kwenye njaa. Werner Janensch na Edwin Hennig ndio walioongoza msafara kwa upande wa Wajerumani, lakini mamia ya vibarua waliochimba, waliofungasha na waliobeba mizigo kwa miguu hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa, walikuwa watu wetu. Walibeba zaidi ya tani 200. Msimamizi wao mkuu, Boheti bin Amrani, alikuwa hodari kiasi kwamba wanasayansi walimtegemea katika kutambua na kuandaa mifupa, ingawa ilichukua hadi mwaka 2007 ndipo dinosaria mmoja wa Tendaguru akapewa jina la kumkumbuka, Australodocus bohetii. Mwaka 2019 akafuata Wamweracaudia keranjei, jina linalobeba kabila lako pamoja na la Mohammadi Keranje, mchimbaji mwingine wa wakati ule. Linganisha na dinosaria mdogo wa hukohuko ambaye tangu mwaka 1919 anaitwa kwa jina la Jenerali Lettow-Vorbeck, aliyeongoza jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, mtu ambaye sijui alichimba mfupa gani.

Najua utaniuliza kuhusu kurudishwa kwa mifupa hiyo. Maoni yangu ni kwamba, hata kama mnyama huyu mkubwa atabaki alipo, mkusanyiko wa Tendaguru ni mkubwa kupita kile kinachoonyeshwa ukumbini, na Lindi inastahili jumba lake lenye mifupa halisi, ili mwanafunzi wa Nachingwea asilazimike kuomba viza ya Ulaya kwa ajili ya kuona kilichotoka nyuma ya kijiji chao. Tutabishana zaidi ukifika.

Kutoka hapo utatembea kidogo tu hadi Bernauer Straße, kwenye kumbukumbu ya Ukuta wa Berlin, ambako hakuna kiingilio. Nyumba za upande mmoja wa barabara hii zilikuwa Berlin Mashariki na njia ya waenda kwa miguu iliyo mbele yake ilikuwa Magharibi, kwa hiyo mwezi Agosti 1961, ukuta ulipoanza kujengwa, watu waliruka kutoka madirishani. Panda mnara uliopo ng'ambo ya barabara, utaona kipande cha ukuta pamoja na ukanda wa mauti, yaani eneo la wazi la mpakani lililolindwa na askari, uliohifadhiwa kama ulivyokuwa. Vipande vya ukuta vinavyouzwa madukani kwa watalii viache vilipo.

Siku ya pili iwe ya Kisiwa cha Makumbusho, lakini hapa sina budi kukusikitisha: Jumba la Pergamon, lenye Lango la Ishtar la Babeli uliloliwekea alama tatu, lilifungwa kwa ukarabati mwezi Oktoba 2023, na sehemu yenye lango hilo imepangwa kufunguliwa mwaka 2037. Badala yake ingia Neues Museum, ukitenga asubuhi nzima. Kichwa cha Malkia Nefertiti, kilichofukuliwa Amarna mwaka 1912 na ambacho Wamisri wamekidai mara nyingi, kimewekwa katika chumba cha peke yake ambamo kupiga picha hakuruhusiwi, jambo ambalo mimi naliunga mkono, kwa sababu watu hulazimika kukitazama. Angalia pia kuta zenyewe: waliolikarabati jengo hili, lililofunguliwa upya mwaka 2009, waliacha kwa makusudi makovu ya vita.

Jioni pitia Wilhelmstraße. Jengo ulimofanyika Mkutano wa Berlin, kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885, halipo tena, na kilichobaki ni bango la kumbukumbu ambalo wapita njia wengi hawalitazami. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba siku moja baada ya mkutano kufungwa, Kaisari wa Ujerumani alimpa Carl Peters na wenzake hati ya kulinda maeneo waliyodai kuyapata Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Basi panda treni ya chini ya ardhi ya U6 hadi mtaa unaoitwa wa Kiafrika, huko Wedding, ambako barabara ya Petersallee iliondolewa jina hilo mwaka 2024. Sehemu yake moja sasa ni Maji-Maji-Allee. Hakuna cha kulipia wala foleni, na nitafurahi kukupiga picha chini ya kibao hicho.

Majumba mengi hufungwa Jumatatu, na maduka hufungwa Jumapili, kwa hiyo siku zako mbili za mwisho zitapangwa kwa kuzingatia hilo. Tiketi ya treni ya karatasi lazima uigonge muhuri kwenye kisanduku cha kituoni kabla ya kupanda. Kuhusu kuba la Bunge, Reichstag, kiingilio ni bure lakini ni lazima kujiandikisha mapema, hivyo nitumie faraghani jina lako kama lilivyoandikwa kwenye pasipoti pamoja na tarehe yako ya kuzaliwa, nami nitashughulikia mengine.

Mpwa wako,
Berlin