Jumamosi: kuwajua ndege kwa sauti

Hamjambo wanakikundi,

Jumamosi tukutane saa 12 kamili asubuhi, geti la Gede, msitu wa Arabuko-Sokoke. Jua likipanda ndege wengi hunyamaza, kwa hivyo tusichelewane.

1. Sikilizeni kwanza rekodi mbili nilizotuma: dudumizi (kama maji yanayomiminika kutoka chupani) na yule hondohondo aliaye kama mtoto mchanga. Rudieni hadi mzitambue bila kutazama jina.

2. Msituni hatuchezi rekodi kwa sauti. Ndege hudhani mpinzani kaingia kwake, akaacha kiota kwenda kupigana na simu yako!

3. Nauli ya matatu ni shilingi 300, mhazini azipate kufikia Alhamisi jioni.

Anayekuja aandike "nipo" leo kabla ya saa 3 usiku. Atakayeleta mahamri aseme pia, tafadhali.