Tahadhari ya upepo wa pwani inatuhusu na sisi wa mlimani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie baridi iliyoturudia huku Moshi katikati ya Septemba, wakati wengi wetu tulikuwa tumekwisha kukunja mablanketi mazito tukiamini kwamba kipupwe kimeondoka, na nieleze kwa nini tahadhari za upepo mkali zinazotolewa kwa wakazi wa pwani zinastahili kusomwa kwa makini vilevile na sisi tunaoishi kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru.

Ijumaa jioni shemeji yangu, ambaye ni mvuvi Pangani, alinipigia simu kuniambia kwamba kusi, ule upepo utokao kusini, limechafuka, ngalawa zimevutwa mchangani na hakuna aliyethubutu kutoka. Nilimpa pole, tukaulizana habari za nyumbani, nikalala. Jumapili asubuhi mlima haukuonekana. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye migomba, manyunyu yalikuwa yakidondoka bila kukatika, na kahawa yangu ya maganda, iliyokuwa na siku ya nne tu kichanjani, ilikuwa imelowa kana kwamba imetoka kuoshwa. Hali hiyo ilidumu siku tano. Niliifunika kwa turubai, nikaifunua, nikaigeuza kwa mikono kila baada ya saa moja, lakini siku ya tatu nilipong'ata punje moja ilibonyea chini ya jino badala ya kukatika, na ganda lililokuwa jeupe lilikuwa limeanza kupata madoa ya kijivu yenye harufu ya uvundo. Kila mkulima wa kahawa anajua harufu hiyo itamgharimu nini siku ya kupanga madaraja.

Simu ile ya Ijumaa na wingu lile la Jumapili vilikuwa jambo moja. Kusini kabisa mwa bara letu, hewa baridi itokayo kwenye bahari za kusini hupita Afrika Kusini kwa vipindi ikiisukuma hewa ya joto mbele yake, na nyuma ya mpaka huo wa hewa baridi mgandamizo mkubwa wa hewa ulioko kusini mwa Bahari ya Hindi, karibu na visiwa vya Mascarene, huimarika. Mpaka wenyewe kwa kawaida haufiki kwetu, maana tuko karibu mno na ikweta, ila msukumo wake unafika: hewa yenye ubaridi na unyevu hupanda kaskazini kupitia Mlango wa Msumbiji na kulizidishia kusi nguvu. Watu wa pwani huiona kwa sura ya upepo na mawimbi, na ndiyo maana Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huwapa tahadhari ya upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2. Hewa hiyohiyo ikiingia bara hukutana na milima ya Usambara na Upare, kisha Kilimanjaro na Meru, nayo inapolazimika kupanda hupoa takriban nyuzijoto 1 kwa kila mita 100 mpaka unyevu wake unageuka wingu. Wapagazi wanaoshuka kutoka Horombo, kituo cha wapanda Kilimanjaro kwenye mita 3,720, hutuambia kwamba huko juu jua linawaka na wingu liko chini ya miguu yao. Sisi wa vihambani, kwenye mashamba ya migomba na kahawa yaliyozunguka nyumba zetu, ndio tunaokaa ndani yake.

Wenzetu wa upande wa Arusha nao hawasalimiki, kwa kuwa unyevu wa namna hii ndio unaostawisha bakajani chelewa, ugonjwa unaoozesha majani, kwenye viazi na nyanya.

Lakini kahawa ni mali, na mali hutafutwa tena. Lililonifanya nishike kalamu ni lililotokea nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mama mmoja mwenye watoto wawili, alipoona usiku umekuwa wa baridi kuliko alivyotarajia, aliingiza jiko la mkaa chumbani, akaziba upenyo wa chini ya mlango kwa kanga ili joto lisipotee. Alfajiri mtoto mkubwa aliamka akitapika na kulia kichwa. Mama alipojaribu kusimama miguu haikumtii, akajiburuta mpaka mlangoni akaufungua. Wote watatu wako hai, namshukuru Mungu. Hewa ya kaboni monoksaidi inayotolewa na mkaa haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo aliyelala hana kitu cha kumwamsha. Mama yule mwezi Julai hulala na watoto kitanda kimoja chini ya mablanketi mawili. Safari hii moja alikuwa amekwisha kumpa mdogo wake aliyesafiri, kwa kuwa sote tulidhani baridi imekwisha.

Siku mbili za kujiandaa zingetosha. Ningejua tangu Ijumaa, ningeziacha mbivu mtini badala ya kuchuma na kumenya debe nne zaidi Jumamosi, na zile za kichanjani ningezitandaza kwa tabaka jembamba na kuandaa mahali pa paa penye kupitisha hewa. Mama yule naye angeazima blanketi.

Kwa hiyo nakuomba, Mhariri, kila mnapochapisha tahadhari ya upepo mkali wa pwani, hasa kuanzia Septemba mpaka kusi litakapotulia, muwatafute wataalamu wa hali ya hewa wawaeleze wasomaji wa Kilimanjaro, Arusha na Tanga ya milimani nini cha kutarajia siku mbili tatu zinazofuata, na muweke mstari mmoja kuhusu jiko la mkaa. Nawaomba pia maofisa ugani wa kata na viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika waisome habari hiyo kwenye mikutano na kuituma kwenye simu za wanachama, kwa sababu wengi wa majirani zangu hawana shemeji Pangani. Vuli haijaanza, na kahawa nyingi bado iko mtini.

Mkulima wa kahawa,
Kibosho, Moshi