YAH: Malalamiko kuhusu seramu ya mtoto iliyoyeyuka mikononi mwenu

Ndugu Meneja,

Mimi ni mtaalamu wa maabara katika hospitali moja hapa Mwanza. Jumatatu iliyopita niliwakabidhi boksi la barafu kavu lenye seramu (majimaji yaliyotengwa kutoka kwenye damu) ya mtoto wa miaka 9, mlipeleke Dar es Salaam. Kwenye fomu yenu niliandika kwa wino mwekundu: lifike kesho yake, likichelewa liongezwe barafu kavu. Limefika Alhamisi, barafu imekwisha, na kifaa cha kurekodi joto kinaonyesha nyuzi 27 kwa saa 19.

Karani wenu alinijibu kwa simu kwamba chupa haijapasuka na damu ipo. Ndiyo, ipo. Kilichoharibika hakionekani kwa macho.

Mtoto huyu ameugua homa ya uti wa mgongo mara mbili. Daktari anashuku amezaliwa na upungufu wa protini za komplimenti, zile zinazotoboa utando wa bakteria hadi wafe. Kipimo tulichoomba, CH50, huangalia kama protini hizo zinafanya kazi: seramu huchanganywa na chembe nyekundu za kondoo zilizopakwa kingamwili, tukaona inapasua kiasi gani. Lakini protini hizi hazivumilii joto. Kwenye nyuzi 56, dakika 30 zinatosha kuzizima kabisa. Kwenye joto la chumba nguvu yake hupungua saa hadi saa. Ndiyo maana huwa tunatenga seramu mapema na kuigandisha kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Ikishayeyuka, kuigandisha upya ni kuiharibu zaidi.

Maabara ya Dar imeikataa sampuli, na imefanya sawa. Wangeipima wangepata jibu la chini mno, na mtoto mwenye upungufu wa kuzaliwa naye hutoa jibu la namna hiyohiyo. Tungetofautishaje ugonjwa na uzembe wa njiani?

Mama yake amepanda meli kutoka Ukerewe kwa pesa ya kukopa. Nimelazimika kumpigia arudi, mwanawe achomwe sindano tena. Alinyamaza muda mrefu kwenye simu.

Nadai mrejeshe gharama ya usafirishaji, mlipe nauli ya mama na mtoto kuja na kurudi, na mnieleze kwa maandishi boksi lilikaa wapi Jumanne na Jumatano. Tena, kama vituo vyenu vya njiani havina barafu kavu, acheni kupokea mizigo ya aina hii. Sampuli ya pili tunachukua Jumatatu ijayo. Nahitaji majibu yenu kabla ya hapo.

Wenu,
Mtaalamu wa Maabara, Mwanza