Kwa vijana mnaochagua lugha ya kwanza ya programu

Wanangu,

Nimewasikia mkibishana lugha ipi ya programu muanze nayo. Kuna walioambiwa kwamba anayeanza na Python au JavaScript ni yule ambaye akili yake haiziwezi lugha zisizozoeleka kama Haskell, Prolog, Forth na APL. Neno hilo linavunja moyo, na wala si kweli.

Tazameni mstari huu: x = x + 1. Anayejua aljebra tu lazima aduwae, maana hakuna namba inayoongezwa moja ikabaki ile ile. Python inauelewa kama amri: chukua thamani ya x, ongeza moja, irudishe mahali pake. Haskell inaichukulia alama ya = kuwa ni usawa kweli, na x ikishapewa thamani haigeuki. Kumbe aliyetoka darasa la hisabati Haskell ingemshangaza kidogo kuliko Python! Sisi wakongwe tunaiona ya ajabu kwa sababu tulitangulia kuzoea nyingine. APL nayo hukokotoa kutoka kulia, hivyo 2×3+4 ni 14, si 10. Forth huandika 2 3 + pale tulipozoea 2 + 3. Mambo haya yanazoeleka. Chuo cha MIT nchini Marekani kilitumia Scheme, lugha iliyojaa mabano, kwa zaidi ya miaka 20 katika somo lake la utangulizi kabla ya kuhamia Python, na wanafunzi walijifunza vizuri tu.

Basi kwa nini wachache huanza na lugha hizi zisizozoeleka? Kwa sababu lugha ya kwanza mtu huikuta palipo karibu naye. BASIC ilizaliwa mwaka 1964 katika chuo cha Dartmouth, lakini iliwafikia wengi baadaye, pale kompyuta za nyumbani kama Commodore 64 zilipokuja nayo tayari: unawasha, unaandika. JavaScript imo kwenye vivinjari, programu za kufungulia tovuti, tangu 1995. APL ilidai alama kama ⍳ na ⍴, ambazo kibodi ya kawaida haina.

Lakini kubwa kuliko yote ni hitilafu. Anayeanza, programu ikigoma, hajui kama aliyekosea ni yeye, ni kompyuta, au ni maelezo aliyofuata. Kwenye lugha yenye watu wengi, ujumbe ule ule umeshawakwamisha maelfu kabla yake, na mmoja wao ameeleza dawa kwa maneno mepesi. Kwenye lugha yenye watu wachache, maelezo mara nyingi yameandikwa na mabingwa kwa ajili ya mabingwa wenzao. Kijana anasoma, haambulii kitu, anajiona mjinga, anaacha. Nimewaona wakiondoka hivyo, watu wenye uwezo kabisa, na jambo hili linaniuma. Ajira nayo ina uzito wake, sikatai, ila kijana huwa ameshakata tamaa kabla hajafika huko.

Kwa hiyo shikeni lugha anayoijua mtu mnayeweza kumfikia na kumuuliza. Msirukeruke. Kaeni nayo mpaka muweze kuandika programu mliyoiwaza wenyewe, iharibike, na muitengeneze bila kushikwa mkono.

Mkishafika hapo, nawaomba sana msikae hapo. Tafuteni lugha iliyo mbali kabisa na ile ya kwanza. Mimi ningewapa Prolog, iliyoanzia Marseille, Ufaransa, mwaka 1972. Humo hamwandiki hatua za kufuata. Mnaandika nani ni mzazi wa nani na nani ni mwanamume, kisha kanuni moja: babu ni mzazi wa kiume wa mzazi. Mkiuliza babu wa fulani ni nani, inatafuta yenyewe. Geuzeni swali, muulize wajukuu wa mzee huyo ni akina nani, na kanuni ile ile itawajibu bila kuongezwa hata herufi moja.

Mzee wenu katika kazi hii