Kwa shoga yangu wa Maskati

Unguja, baada ya alasiri

Shoga yangu,

Assalaam alaykum. Mimi sijambo, ila magoti, na sukari inayopanda na kushuka itakavyo. Najua wanangu walikupa habari za msiba wa mwenzetu siku ileile, na najua ulipiga simu mara tatu. Sikupokea. Sauti haikunitoka. Ndiyo maana naandika, kama zamani.

Nilikuwamo katika waliomkosha. Binti zake walinisihi, "Bibi, wewe kaa, utachoka." Nikawaambia huyu nimekoga naye pwani tangu hatujang'oka meno ya utoto, sitokaa. Tulipofika mguu wa kushoto nikaliona lile kovu la gotini. La siku tulipopanda mzambarau wa watu, tawi likakatika, ukamfunga kwa mtandio wako, kisha wewe ukapigwa kwa kuutia damu. Wenzangu wa kukosha ni watoto wa juzi, hawakujua kitu. Nikalimwagia maji, nikalipangusa polepole kama bado linamuuma.

Nywele zake nilizisuka mimi, misuko mitatu kama inavyotakiwa. Zilikuwa chache, laini kama sufi, na vidole vyangu siku hizi vinakufa ganzi, kila nikishika zinaniponyoka. Yeye ndiye aliyekuwa akitusuka sisi barazani kwao! Nilimwomba radhi kimoyomoyo kwa njia zilizopinda.

Jeneza likatoka, sauti za wanaume zikapotelea uchochoroni, sisi wanawake tukabaki ndani. Hapo, Wallahi, niligeuka kukutafuta. Umeondoka 1971 bila kuaga, wala hatukukulaumu, maana enzi zile aliyeaga nani? Miaka yote hiyo, na bado niligeuka.

Tangu siku ile nakaa na mambo ambayo sina wa kumuuliza. Wajukuu wananipenda, lakini wao wamenikuta bibi. Wewe tu ndiye uliyebaki unayenijua nikiwa mtoto.

Sasa nijibu hili. Ile Idd tuliyoshonewa sare kwa jora moja, tukaenda Mnazi Mmoja kupanda pembea, kisha tukapita Forodhani mbele ya Beit el Ajaib ili watu watuone. (Jumba lenyewe upande mmoja uliporomoka Disemba 2020. Mwenzetu alinishika mkono tukaenda kutazama kifusi, akarudi hadi nyumbani hajasema neno.) Magauni yale yalikuwa rangi gani? Mimi nasema chanikiwiti. Yeye alishikilia buluu, na kila Idd tuligombania hilo hadi chai ikapoa. Mwaka huu nilikwenda kumsalimia kitandani, nikafungua mdomo nianze, nikaona amechoka, nikanyamaza.

Niandikie kwa mkono wako, usimpe mtoto akuandikie. Ukisema ni buluu, sitobisha.

Ni mimi,
shogayo wa Ng'ambo