Kinu cha nyuklia kitapozwa na nini?

Mhariri,

Tunabishana kuhusu kinu cha nyuklia cha Kenya, kiwe Kilifi au Siaya, lakini wachache wanauliza kitapozwa na nini. Mwaka 2011 vinu vilivyokuwa vikifanya kazi Fukushima, Japani, vilizimika vyenyewe tetemeko lilipotokea. Balaa lilikuja na tsunami: umeme wa kusukuma maji ya kupoza ulikatika, na fueli huendelea kutoa joto hata kinu kikizimwa. Vinu vingine hupozwa kwa sodiamu, metali iliyoyeyushwa, badala ya maji. Sodiamu haihitaji shinikizo kubwa kama maji, lakini ikiwa moto huwaka ikigusana na hewa. Ilivuja katika kinu cha Monju, hukohuko Japani, Desemba 1995, ikashika moto.

Wahusika watujibu waziwazi: umeme ukikatika, kinu kitapozwaje, na kwa muda gani? Na wavuvi waelezwe maji ya moto yatamwagwa wapi.

Msomaji,
Malindi