Risasi kwenye damu ya mtoto, na hakuna aliyepigwa

Mhariri,

Nilipompigia mamangu simu Mombasa kumwambia mjukuu wake amepimwa akakutwa na risasi kwenye damu, sikufika mwisho, nikasikia tu "Yarabi! Kapigwa na nani?" halafu simu ikaanguka, ikabidi nipige kwa jirani aende akamwambie mtoto mzima, anacheza, sio risasi hiyo ni ile nyingine, ile madini. Lakini nilivyokaa baadaye nikawaza, kwani si ni hiyo hiyo? Sisi neno tunalo moja kwa vyote viwili, na mimi mwenye lugha nimeishika risasi mkononi miaka miwili na nusu bila kulisikia linavyosema.

Naandika sababu juzi mlichapisha makala ya kusifu vijana wetu wa huku Marekani walioingia mchezo wa kulenga shabaha, ati unatuliza akili. Sibishi, unatuliza kweli. Mi niko Texas, kila Jumamosi na mara nyingi Jumatano nikitoka shifti nilikua naenda renji ya ndani (ukumbi wa kupigia bunduki) maana joto la Agosti nje halikaliki, napiga bastola raundi mia, mia na hamsini, narudi nyumbani kichwa kimetulia. Makala yenu ilitaja bei, ikataja kuziba masikio, ikataja miwani. Damu haikutajwa hata mara moja.

Basi iko hivi. Ile kidude ndogo nyuma ya ganda inayogongwa ili baruti ishike moto, nyingi zina kemikali yenye madini ya risasi ndani yake. Bastola ikilia, ile inaungua inatoka moshi. Kichwa chenyewe kama ni madini ya risasi tupu kinayeyuka kidogo kwa chini na kukwaruzwa kwenye mtutu, kikigonga ukuta kule mwisho kinakua vumbi. Ndani ya nyumba hilo vumbi litaenda wapi? Renji iliyojengwa sawasawa upepo unakupiga mgongoni unasukuma moshi mbele kwenye shabaha, lakini ile niliyokua naenda mimi (siitaji) moshi ulikua unanirudia usoni, ukipenga kamasi jioni zinatoka nyeusi, na kijana wa pale akimaliza siku anafagia kwa ufagio wa kawaida, mkavu, vumbi linapanda hadi kwenye taa. Kufagia hivyo ni makosa, inatakiwa kupiga deki kwa maji au mashine yenye chujio maalum. Mi nilikua naona usafi huo.

Bintangu alipotimiza mwaka tukampeleka kliniki, huku watoto wa Medicaid, ile bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, wanatakiwa kupimwa risasi wakiwa na miezi 12 na tena 24. Wakamtoboa kidole ikasoma 7, wakatoa ya mshipani kuhakikisha ikaja 6. Hiyo ni maikrogramu kwa desilita, na tangu 2021 CDC, idara ya afya ya Marekani, wanasema mtoto akifika 3.5 afuatiliwe, WHO, shirika la afya duniani, wao wanasema kabisa kiwango salama hakijulikani. Maswali yakaanza. Nyumba ya lini, maana rangi yenye risasi ilipigwa marufuku majumbani mwaka 1978, yetu ya 2004. Sufuria gani, manjano mnanunua wapi, mtoto anapakwa wanja? Mama watoto akaanza kulia palepale, maana wanja wa manga alikua nao kweli, alipewa na bibi yake, na wanja mwingine ni risasi ya kusaga. Wiki mbili tukaulaumu wanja. Haikuja akilini mwa mtu kuniuliza mimi Jumamosi naenda wapi, na kwa Kiingereza ya madini na ya bunduki ni maneno mawili yasiyojuana, hadi muuguzi mwingine, mama mtu mzima, akauliza kuna mtu nyumbani anafanya kazi ya betri au anapiga bunduki? Mke wangu akanigeukia.

Nikapimwa na mimi, yangu ikaja 29. Miezi nilikua naumwa kichwa, choo kigumu, hasira za bure kwa watu wasio na kosa, na zote nasingizia shifti ya usiku.

Ikafika mtotoni vipi? Kofia. Nikimaliza kupiga naokota maganda, nayajaza kwenye kofia kama mtu anayeokota zambarau, namwaga kwenye ndoo halafu kofia narudisha kichwani. Nikifika nyumbani kitu cha kwanza mtoto anachokitaka ni kofia ya baba, anaivaa, inamfunika macho, anaitafuna ule ukingo. Na viatu navivua kwenye zulia analotambaa. Na mtoto akimeza, mwili wake unanyonya risasi mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima.

Halafu sio mimi peke yangu mwenye mkosi. Mwaka 2017 walitoka wataalamu wakapitia tafiti 36 za damu za watu wanaopiga renji, 31 kati yake zilikuta wenye zaidi ya 10, na 15 zilikuta waliopita 40. Sheria sasa, hapo ndio mtacheka. Kanuni za OSHA, idara ya Marekani ya usalama kazini, za 1978 zinamlinda mfanyakazi, na hata yeye kiwandani anaondolewa kwenye kazi ya risasi damu ikifika 60, anaweza kurudi ikishuka chini ya 40. Kwa hiyo 29 yangu ningeambiwa rudi kazini baba. Na mimi sio mfanyakazi hata, ni mteja, nalipa mwenyewe, hakuna anayelazimika kunipima.

Na mimi ni mtu wa Mikindani, Mombasa, jamani. Mtaa wa Owino Uhuru ni pale pale kwetu, nilikua namsikia mwanaharakati Phyllis Omido akipiga kelele kile kiwanda cha kuyeyusha betri kifungwe baada ya mwanawe mwenyewe kukutwa na risasi, nilifurahi alipopata tuzo ya mazingira ya Goldman 2015, nikawalaani walioleta sumu kwenye nyumba za watu. Nikaja huku nikaileta kwangu kwa hela yangu.

Sisemi watu waache. Daktari hakuulizi, mwambie mwenyewe unapiga bunduki na umwombe kipimo cha risasi, ni damu kidogo tu. Usile wala kuvuta sigara pale. Ukimaliza nawa mikono na uso kwa maji baridi na sabuni kabla hujashika usukani, nguo na viatu vya renji visiingie ndani, vifuliwe peke yake. Zipo risasi zisizo na risasi (ndio, Kiswahili hicho), ni ghali kidogo. Mke mjamzito asiende kabisa, maana hii kitu mwili unaidhania kalsiamu unaificha kwenye mifupa miaka na miaka, mimba ikija inatoka tena kwenye damu.

Sasa napiga nje, mara moja kwa mwezi. Miezi mitano imepita, yangu imeshuka 13, ya binti 3. Bado anaitafuta ile kofia, anakwenda mlangoni ananyoosha mkono kwenye msumari ilipokua inatundikwa.

Msomaji wenu,
Texas, Marekani